Mtungi Nilioufukiza

Jumamosi, tarehe ishirini na nne Agosti. Upepo tangu alfajiri, ule wa vumbi jekundu unaoingia mpaka kwenye unga uliofunikwa. Asubuhi baridi, mchana jua la kuchoma, wingu hakuna hata moja.

Leo pombe imenyweka na mkono wa mume wangu bado uko mahali pake. Ninaandika kabla mwanga haujaisha, maana najijua. Nikisubiri kesho nitaanza kujitetea, na mambo yatahama kidogo kidogo mpaka yote yawe kosa la wengine. Nimeishia darasa la saba na mwandiko wangu si mzuri. Nitajitahidi kila mtu apate haki yake, hata mimi, ingawa kwangu mimi sina hakika ni ipi.

Jambo lilianza kwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wetu. Wiki tatu zilizopita walivunja boma mchana, wakavuka korongo hadi kwa jirani yetu, wakaingia kwenye uwanja wake alipokuwa amelundika mtama ambao bado haujapurwa. Jirani akatoka na panga. Akamkata dume letu jekundu mshipa wa mguu wa nyuma, dume likakaa chini kama mbwa, linalia. Mume wangu alifika wakati huo na fimbo yake ya kuchungia. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimebeba ndoo.

Alimpiga jirani mdomoni. Meno mawili ya mbele yakatoka. Niliyaona kwenye makapi ya mtama, nikafikiri ni punje kubwa. Jirani alipokwisha kuanguka, mume wangu alimpiga tena mara mbili mgongoni. Fimbo ya kwanza naielewa. Hizo mbili hazikuwa na sababu. Nilimwambia hivyo jioni ile, akaniambia nifunge mdomo.

Jirani ana ndugu wawili. Kesho yake walikuja wakasimama nje ya boma letu na mapanga kiunoni. Hawakupiga kelele. Walisema kwa sauti ya watu wanaouliza njia kwamba ule mkono ulioshika fimbo wamekuja kuuagiza, watauchukua siku wakipata nafasi.

Mwenyekiti wa kitongoji akaingilia kati. Alisema hataki kuona damu nyingine wala gari la polisi kwenye kitongoji chake, na mambo yaishe kama yanavyoisha hapa kwetu: nyumba iliyopiga ipike mtungi mmoja wa pombe ya mtama, na aliyepiga na aliyepigwa wanywe kwa kata moja mbele ya watu. Wote wawili wakimeza, imekwisha, hakuna wa kudai tena. Lakini pombe ikiletwa imeharibika, inavutika au inanuka, hainywewi, na nyumba iliyoileta inahesabiwa imetukana mara ya pili. Hapo mwenyekiti ananawa mikono.

Wale ndugu walikubali. Mkubwa wao alicheka. "Mpike vizuri basi," akasema. "Sisi hatuna haraka. Panga halichachi."

Mpikaji wa pombe nyumbani kwetu ni mama mkwe wangu. Ana zaidi ya miaka sabini na watu hadi Kinyangiri wanaijua pombe yake. Mimi nimeolewa hapa miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo kazi yangu kwenye pombe ilikuwa maji na kuni. Mtungi sikuruhusiwa kuugusa. Masharti yake nayajua kwa kusikia tu: unawe kwa majivu mpaka kwenye viwiko. Mkono wenye mafuta ya alizeti usikaribie, povu litakufa. Chumvi isikaribie kabisa. Mwiko usilazwe chini. Kata iliyogusa mdomo isirudi mtungini. Mtungi ufunikwe kwa kitambaa kilichochemshwa, na kitambaa kifungwe kwa kamba, si kwa kuwekea jiwe, maana jiwe lina vumbi.

Nilikuwa nayaona ni masharti ya akili. Lipo moja tu lililonishinda kuelewa. Ndani ya mtungi alikuwa haoshi. Alikuwa anasuuza kwa maji baridi basi, anaugeuza juani, na ndani ulibaki ukoko wa kijivu, mgumu kama gamba la mti. Kila nikiuona nilitamani kuukwangua.

Wiki ya kupika ilipokaribia, mama mkwe alikwenda Iguguno kwa dada yake kuchukua kimea. Dada yake anaotesha mtama mwekundu vizuri kuliko mtu yeyote. Akaniachia maneno manne: "Chota maji. Pasua kuni." Akalala huko siku mbili.

Siku ya kwanza nilichota maji, nikapasua kuni. Siku ya pili sikuwa na kazi, na nilikuwa na hofu. Mume wangu alikuwa akila ameegemeza mgongo ukutani. Panga lake lilikuwa chini ya mkeka. Kila mbwa akibweka, tonge linasimama. Nikauangalia ule mtungi. Nikaona ukoko. Nikakumbuka nesi wa zahanati alivyotufundisha mwaka wa kipindupindu, kwamba vijidudu vinakaa kwenye uchafu mkavu vikisubiri maji. Nikasema moyoni, mkono wa mume wangu utapotea kwa sababu ya ukoko.

Mimi ni mtu wa Manyoni. Kwetu ni wafugaji, na kwetu kibuyu cha maziwa hakisuuzwi tu. Kinasuguliwa, kinamiminiwa maji ya moto, halafu unatia makaa mekundu ya mti wenye moshi mzuri, unafunika, unatikisa mpaka ndani kuwe kweusi na kunukie. Mama yangu alinichapa zaidi ya mara moja kwa kibuyu kilichofukizwa nusu. Maziwa ya kwetu hayakuharibika hata siku moja. Basi nikaufanyia mtungi vile vile. Nilikwangua ukoko kwa kipande cha bati, ukatoka vipande vipande. Nikasugua kwa mchanga. Nikamwaga maji yanayochemka mara tatu, nikatia makaa, nikaufukiza mpaka macho yakanitoka machozi. Nilipomaliza ulikuwa safi kuliko sahani ya mgeni. Nilijisikia vizuri sana. Niliona huo ndio mchango wangu.

Mama mkwe aliporudi hakugundua. Pua yake iliuawa na ugoro zamani, na macho ya karibu yamepungua. Jumatatu tulipika uji wa mtama kwenye pipa, tukaupooza, tukaumimina mtungini. Akapima joto kwa kiwiko, akatia unga wa kimea, akakoroga kwa ule mwiko mrefu unaomfika kidevuni, akafunika, akafunga kamba.

Pombe nzuri inaongea. Ukitega sikio kwenye mtungi siku ya pili, unasikia kama mafuta yanayokaangwa nyumba ya mbali. Jumanne mama mkwe alitega sikio, akasema, "Bado amelala." Jumatano asubuhi alitega tena, akabaki pale muda mrefu, sikio kwenye udongo. Akafungua kamba.

Hakukuwa na povu. Juu palikuwa na utando mweupe wenye makunyanzi kama ngozi ya maziwa. Alitia kijiti akakiinua, na pombe ikafuata kijiti ikining'inia kama mate ya ng'ombe. Hata yeye asiyenusa aligeuza uso. Ilinuka miguu ya mtu aliyevaa viatu vya mpira wiki nzima.

"Kuna nini humu?" aliniuliza polepole. "Umeufanya nini mtungi wangu?"

"Niliuosha, mama."

"Uliuosha na nini?"

Nikamwambia yote. Bati, mchanga, maji ya moto, makaa. Nilimwambia kwa mpangilio, kama mwanafunzi, na bado nilikuwa nategemea kwamba nikifika kwenye makaa atasema hapo ulifanya vizuri.

"Na ukoko?"

"Niliutupa, mama."

"Ule ukoko ndiyo pombe yenyewe!" Sauti yake ilipasuka. "Mama mkwe wangu alinipa mtungi ule na ukoko wake ndani! Mimi natia uji tu, anayepika ni ule ukoko! Nyie watu wa maziwa, mnaosha mtungi kama mnaogesha maiti!"

Akanipiga na mwiko begani. Akanipiga kwenye nyonga. Wa tatu ulipiga ukuta, udongo ukaanguka, na sijui kama alikosea au alinihurumia. Nilikaa chini, nikafunika kichwa. Mwiko ule ni mti mzito. Bega mpaka sasa linapanda kwa shida, ndiyo maana mistari yangu leo inateremka.

Kwa haki yake niseme kwamba alipomaliza alikaa chini naye, pembeni yangu, akihema. Kisha akaanza kulia bila sauti, na alilolilia si mtungi. Alikuwa anarudia maneno mawili ya Kinyiramba, na maana yake ni "mkono wake".

Nimelifikiria sana suala hili na labda nakosea. Lakini naona mtungi ule ulikuwa na wenyeji wake. Nesi hakudanganya, na mama yangu hakudanganya, ila walikuwa wanazungumzia vyombo vingine. Mimi niliwafukuza wenyeji kwa moto, nikaacha nyumba tupu na mlango wazi, na upepo wa Agosti ukaleta wahuni.

Tuliimwaga kwenye korongo. Kuku walisogea, wakanusa, wakaondoka.

Unga wa kimea ulibaki wa kupika mara moja. Siku zilikuwa zinatosha kama tungepika Alhamisi, lakini bila chachu ingekuwa kazi bure. Ilitakiwa machicha, yale mashapo mazito yanayobaki chini ya pombe iliyoiva vizuri, ya kuamshia mpya. Mama mkwe alihesabu wapikaji kwa vidole. Mmoja ameokoka, amevunja mitungi yake yote mbele ya mchungaji. Mwingine amehamia Manyoni kwa mwanawe. Akafika kidole cha tatu, akakikunja tena bila kusema.

Hakuhitaji kusema. Anayepika kila wiki kwa ajili ya mnada ni mke wa jirani. Mke wa yule mwenye meno yaliyotoka.

Alhamisi tulipika uji mpya alfajiri, tukaupooza, tukatia kimea. Mchana nilijifunga kanga, nikavuka korongo. Sikumwambia mtu. Wale ndugu walikuwa wamekwenda malishoni na jirani mwenyewe amekwenda zahanati, hilo nililihakikisha kwanza. Sikuwa jasiri.

Mke wa jirani ni mkubwa kwangu kidogo, mimi humwita dada. Nilimkuta uani anakung'uta machujio. Aliponiona hakusimama.

"Habari za hapa, dada."

"Habari zipo. Meno hayapo."

"Dada, nimekuja kuomba chachu."

Akaniangalia. "Rudia."

"Chachu. Ya ile pombe ya Jumamosi. Ya kwetu imeharibika. Mimi ndiye niliyeiharibu."

"Kwa hiyo mumeo anavunja mdomo wa mume wangu, halafu mnataka chachu yangu ya kuutibia." Aliweka machujio chini, akajifuta mikono taratibu. "Unajua mume wangu anakula nini? Uji. Kwa kijiko. Namlisha mimi kama mtoto wa kunyonya, na akimaliza anageuka ukutani. Na mimi nikiongea naye ananipiga teke. Hakuwa mtu wa mateke. Simama hapa."

Nikasimama. Alinipiga kofi kwa nguvu zake zote, mkono wa mtu anayekoroga mapipa. Niliona mwanga. Nilishika ukuta nisianguke.

"Hilo ni la jino moja," akasema.

Nikasubiri. Akanipiga la pili upande wa pili, na hilo lilikuwa na nguvu ndogo kuliko la kwanza, au labda uso mzima ulikuwa umeshakufa ganzi.

"Na hilo la pili. Haya, kibuyu kiko wapi?"

Sikuwa nimeleta kibuyu. Katika kuogopa nilisahau chombo. Dada alinitazama kwa mshangao halafu akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Ulitaka nikutilie mdomoni?"

Akachukua kibuyu chake mwenyewe, kile kilichoshonwa ufa kwa waya wa shaba. Kabla ya kuchota alinivuta mikono akanikagua kucha. "Umetoka kugusa nini? Alizeti?" Akaninawisha mwenyewe kwa majivu, kidole kwa kidole, akinikwangua chini ya kucha kwa kijiti, kwa hasira, mpaka ngozi ikawaka. Mikono ileile iliyonipiga sasa hivi. Ndipo akachota machicha chini ya mtungi wake. Akamimina kidogo kwenye kiganja, akanywa mbele yangu, akanitolea ulimi nione ameyameza.

"Ili usije ukasema niliwatilia kitu. Usikipitishe juani. Usitie maji ya kisima. Uji ukiwa bado unaunguza, usimimine, utaiua na hii, na mimi sitakupa nyingine."

"Asante, dada."

"Usinishukuru. Na mwambie mumeo ng'ombe wake nao wafungwe midomo."

Mama mkwe aliniona narudi na mashavu yamevimba, nimekumbatia kibuyu chenye waya ndani ya kanga. Alikitambua. Sote hapa tunakitambua. Akanawa kwa majivu, akapima uji kwa kiwiko, akamimina machicha mwenyewe mpaka tone la mwisho. Ijumaa asubuhi tulitega masikio sote wawili, yeye upande huu mimi upande ule, vichwa vyetu vinakaribia kugusana. Ilikuwa inaongea.

Saa nne hivi mume wangu alirudi kutoka kunywesha ng'ombe, akakiona kibuyu kimening'inia kwenye ua. Nilikiosha nikakianika bila kufikiri.

"Hiki cha nani?"

"Unakijua."

Sikupaswa kumjibu hivyo. Yule mtu alikuwa halali wiki tatu. Nami niliongea kwa kiburi, kwa sababu pombe ilikuwa imekubali.

"Umeenda kule? Umeenda kuomba kwa yule?"

"Nimeomba chachu."

"Umenivua nguo." Alisema kwa sauti ndogo. "Kitongoji kizima kinajua nimevuliwa nguo na mke wangu." Akaelekea kwenye mtungi aupige teke.

Nilifika kabla yake. Nikaukinga mtungi kwa mgongo, nikamgeukia. Kofi la kwanza lilinipata sikio. La pili lilikuwa ngumi, ya puani, na damu ikashuka palepale. Halafu akanishika nywele na kunivuta, akanipiga tena mbavuni mara mbili. Sitaki kuongeza wala kupunguza: ni mara nne, mbili za kichwa, mbili za mbavu. Mimi nilimng'ata mkono mpaka nikasikia ngozi inapasuka. Hilo nalo lihesabiwe.

Nilichokuwa nafikiria muda wote ule ni chumvi. Damu ina chumvi. Chumvi inaua pombe. Nilitoa kichwa pembeni kadiri nilivyoweza, nikaiacha damu idondokee kanga yangu isiguse kitambaa cha mtungi, na kila aliponivuta kuelekea mtungini nilimsukuma kwa miguu kama ng'ombe anayekataa kuingia joshoni.

Mama mkwe alitokea jikoni na mwiko. Alimpiga mwanawe kwenye mkono, mkono wa kulia, mfupa ukalia.

"Ng'ombe wewe!" akapiga kelele. "Mkono huo unapikiwa pombe tangu Jumatatu, halafu ndio huohuo unaotaka kuimwaga? Unaona tunapikia nini hapa? Harusi?"

Mume wangu akaachia. Alikaa chini kwenye vumbi, ameshika mkono wake, anaangalia alama za meno yangu. Hakuomba radhi, wala mimi sikuomba. Mama mkwe alikuwa ameuinua mwiko wake juani anaugeuzageuza. "Na mwiko mmenichafulia," akasema. "Chemsha maji." Nikaenda kuchemsha maji na pua yangu imezibwa kwa kipande cha kanga. Nilipotoka nikakuta mume wangu amekwenda kisimani na ndoo mbili, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu anioe. Sijui kama hiyo ni kitu. Naiandika tu.

Leo wamekuja saa saba. Mwenyekiti wa kitongoji na watu wengine, jirani, mke wake, na wale ndugu wawili. Mapanga waliyaacha langoni, fimbo hawakuziacha. Waliketi uwanjani kwetu upande wa upepo. Mtungi ukaletwa katikati. Mwenyekiti akanisogelea. "Fungua wewe, uliyepika," akasema, na mama mkwe hakukataa.

Nilinawa mbele yao. Nikafungua kamba. Povu lilikuwa limesimama, rangi ya udongo mwekundu, linapumua. Mwenyekiti alitia kijiti akakiinua, ikadondoka matone, haikuvutika. Akanusa. Akampa mkubwa wa wale ndugu anuse. Yule mtu alinusa kwa muda mrefu sana, na naona alikuwa anatafuta kosa. "Inanukia," akasema, kama mtu aliyeibiwa.

Mume wangu akanywa kwanza. Akameza, akafungua mdomo waone. Akampa kata jirani kwa mkono wake wa kulia, uliovimba kwa mwiko na wenye alama za meno; haukuweza kukaza, pombe ikamwagikia vidole.

Jirani alikunywa polepole kwa upande mmoja wa mdomo. Koo lake likapanda na kushuka. Halafu akasimama pale, ameshika kata, anatafuna ulimi wake. Akaonja tena mate yake. Nikaona anamgeukia mke wake.

"Hii ni ya nyumbani kwangu," akasema.

Upepo ulikuwa unapiga makapi.

"Naijua pombe ya nyumbani kwangu! Miaka ishirini nainywa! Umewapa?"

"Nimewapa," dada akasema. Hakuinama. "Ulitaka mapanga yaendelee mpaka nikuzike?"

Jirani alimrushia kata. Si kwa kumtisha, alimrushia kwa bega lote, na kata ya kibuyu ikavunjikia juu ya jicho lake. Nyusi ikafunguka kama ganda. Dada akaanguka kwa magoti, damu ikafunika jicho, shavu, shingo. Ndugu mdogo akainua fimbo, sijui kwa kumpiga nani. Mume wangu akashika jiwe. Watu wakasimama wote kwa pamoja, na vumbi likainuka.

Sasa naandika lile ambalo nimekuwa nalizunguka tangu mstari wa kwanza. Mimi nilikuwa karibu na dada kuliko mtu yeyote. Hatua mbili. Na nilifunika mtungi kwanza. Nilitandaza kitambaa, nikazungusha kamba, nikafunga fundo, nikavuta kuona kama limekaza. Ndipo nikamwendea. Wakati wa hayo yote alikuwa amepiga magoti anajipapasa uso, ananyoosha mkono mmoja mbele apate mtu wa kumshika.

Mwenyekiti alikuwa anapiga kelele kuliko wote. "Kaeni! Kaeni chini! Ulimeza?" Alikuwa amemshika jirani kola. "Nakuuliza, kabla ya kurusha, ulimeza au hukumeza?"

Jirani alikuwa anahema. Alimwangalia mke wake, akaangalia vipande vya kata.

"Nilimeza," akasema.

"Mmesikia? Amemeza. Wote wamemeza. Imekwisha. Shusha fimbo hiyo. Na wewe, tupa jiwe."

Kwa haki, ni kweli, alimeza. Niliona koo. Fimbo ikashuka, jiwe likaanguka. Ndugu mkubwa alitema mate chini, akaenda langoni kuchukua panga lake, akaondoka bila kumwangalia mume wangu wala mkono wake. Watu wengine wakaanza kuinywa ile pombe kwa vikombe, kwanza kimyakimya, baadaye na maneno. Iliisha yote. Wamesema ni nzuri.

Dada alipelekwa zahanati kwa pikipiki, mimi nikakaa nyuma yake nimemshikilia. Alishonwa nyuzi tano. Alipotoka nilimwambia tumrudishe kwake, akasema kwake haendi leo. Kwa hiyo tumekuja naye hapa. Mume wangu alipomwona anaingia alitoka kwenye kigoda, akamwachia.

Jikoni, tukiwa wawili, nilimwambia. Nilimwambia kwamba nilifunika mtungi kwanza.

"Nilikuona," akasema. "Jicho moja lililobaki lilikuwa linaona."

"Nisamehe, dada."

Alichochea moto. "Ulifunga kamba?"

"Nilifunga."

"Sawa." Akasukuma kuni ndani: "Lakini mikono hukunawa kabla ya kunishika. Ilikuwa na pombe. Iliunguza."

Sijui kama amenisamehe. Sijui pia kama mimi nisingeukwangua ule mtungi leo angekuwa na nyusi nzima, au kama kata ile ilikuwa inamsubiri siku nyingine yoyote. Najaribu kuhesabu nani alimpiga nani na kwa sababu gani, na kila nikifika mwisho nakuta bati langu liko mwanzoni. Mama mkwe ameusuuza mtungi kwa maji baridi na kuugeuza. Ndani umeanza kuwa na kijivu chepesi cha chachu ya nyumba ya pili. Ameniambia nisiuguse, na safari hii sina hamu ya kuugusa.

Jioni tumekula ugali wa mtama na mlenda, na maziwa ya mgando kwenye bakuli moja. Dada alikula kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameshikilia kitambaa juu ya jicho. Mume wangu naye alikula kwa kushoto, wa kulia haukunjiki. Mlenda ulikuwa na chumvi nyingi. Niliitia mimi.